Kibali cha Kupiga Kelele

Kwa mamlaka aliyojipa mwenyewe, na mbele ya mkutano mkuu uliohudhuriwa na wanachama wote watatu, Mwenyekiti Weldon Osundwa alitangaza kwamba bendi ya Mawimbi ya Umeme, yenye makao makuu nyuma ya kisiagi cha mahindi mjini Kakamega, imeacha rasmi muziki mtamu na kuingia katika enzi ya kelele. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Hotuba ilipokelewa kwa makofi ya watu wawili.

Isikushangaze kwamba bendi ilikuwa na mwenyekiti. Kakamega ya siku zile, watu wakitaka kufuga kuku pamoja walichagua viongozi kwanza, ndipo wakaulizana kama kuna kuku. Mawimbi ya Umeme iliandikishwa kama kikundi cha kujisaidia, kwa kuwa serikali haikuwa na fungu la watu wanaobonyeza vinanda bila sababu. Laila, binti wa Mumias aliyekipiga kinanda chenyewe, alikuwa katibu. Binamu yake Yasin, fundi wa redio, alikuwa mweka hazina, cheo alichokitumikia kwa uaminifu mkubwa maana hazina haikuwapo. Mwanachama wa kawaida hakuwapo hata mmoja, na ndiyo maana kila spika ilipohitaji kubebwa palizuka mgogoro wa uongozi.

Miaka yote hiyo walikuwa wamepiga tuni laini kwenye harusi, kuanzia Malava hadi Sigalagala, na watu waliwasikiliza huku wakitafuna.

"Hakuna hata mmoja aliyewahi kuweka chini paja la ingokho kwa ajili yetu," Weldon aliuambia mkutano, akimtaja kuku kwa Kiluhya. Kwa maoni yake, muziki usioweza kumkatiza mtu kula ulikuwa bado haujafika mjini.

Utekelezaji ulianza mara moja. Yasin alirekodi kisiagi kikisaga, mvua ya alasiri ikipiga mabati, trekta la miwa likikataa kuwaka, na redio iliyokwama katikati ya steshoni mbili. Vyote akavipitisha kwenye amplifaya iliyopasuka, ile ambayo hapo awali walikuwa wakiiombea ipone. Laila naye alibonyeza sauti mbili zisizopatana, akazishikilia mpaka zichoke. Siku ya kwanza ya mazoezi Mama Sellah, mwenye kisiagi, alikuja mbio na unga kichwani.

"Nyinyi watoto, kisiagi yangu nimezima mwenyewe, na bado nasikia inasaga! Mmefanya nini?"

Weldon aliyachukua maneno hayo kama sifa. Akavimba kichwa, akaapa mbele ya wenzake: kelele isiposikika katika ukumbi wa mji Jumamosi iliyokuwa ikija, yeye angejiuzulu na bendi ingerudi kwenye harusi. Laila alimwomba arudie kiapo polepole, asije akasema hakusikika vizuri.

Kilikuwa kiapo cha hatari. Ukweli, na hakuna aliyeujua vizuri kumzidi Weldon, ni kwamba mwenyekiti hakupiga chombo chochote. Kazi yake jukwaani ilikuwa kusimama katikati na kutikisa kichwa. Ukimwondolea uenyekiti, kinachobaki ni kichwa tu, na kichwa chenyewe kilikuwa kikiishi kwa shangazi.

Ili kupanda jukwaani walihitaji kibali cha Afisa wa Tarafa, ambaye mji mzima ulimwita DO. Huyu alikuwa Bwana Cornelius Andati, mtu wa tumbo la heshima, aliyekagua kila wimbo kabla haujaimbwa kwa hofu kwamba wananchi wangeweza kuusikia bila kuongozwa. Karani wake, Nanjala, aliipokea kaseti na kumwonyesha Weldon benchi. Weldon alikaa pale mpaka akaanza kusalimiwa na wapita njia kama mfanyakazi wa ofisi. Alipoitwa ndani, alimkuta DO na Inspekta Kipkemboi wa polisi wameinamia redio kaseti, nyuso zimekunjamana.

"Kijana," DO alisema, "maneno iko wapi?"

"Haina maneno, mkubwa. Ni sauti tu."

"Sikiza. Wimbo ikiwa na maneno, mimi nasoma, nakata mstari mbaya, naweka sahihi. Sasa hii nitakata wapi?"

"Hakuna mbaya, mkubwa."

"Hapo ndipo naogopa. Mtu akinitukana, najua amesema nini. Mtu akinyamaza na kelele namna hii, ameniachia mimi kazi ya kufikiria." Akamgeukia mwenzake. "Inspekta, wewe unasikia nini hapo?"

Kipkemboi alikuwa mtu wa amri na utaratibu. Alisikiliza kwa makini. "Nasikia watu wakikimbia, mkubwa."

"Wanakimbia kutoka wapi?"

"Hapo kaseti haisemi."

"Umeona? Inaficha!"

Weldon alihisi uenyekiti ukimtoka miguuni. Akataka kueleza kwamba lile lilikuwa trekta la miwa, lakini akili yake ilimwambia kwamba mambo ya miwa, yaliyojaa siasa siku zile, yangezua maswali mabaya zaidi. Akaomba ushauri, na hakuna kitu kinachomlainisha mkubwa kama kuombwa ushauri.

DO alitafakari, kisha akatoa uamuzi. Kelele tupu ni maoni, na maoni hayana kibali. Bali kelele yenye maneno mema ni burudani. Maneno yawekwe. Na kwa kuwa vijana wale walionekana hawana maneno mema ya kwao, yeye angewakopesha yake. Yasin aliitwa aje na kinasa sauti. DO akarekebisha tai, akakohoa, akatoa hotuba juu ya usafi wa mitaro, ujenzi wa daraja, utoaji wa vitambulisho na nidhamu ya vijana, na aliacha kwa sababu moja tu: kaseti iliisha. Kibali kikagongwa muhuri, chenye majina ya wanamuziki watatu.

"Wallahi, Mwenyekiti," Laila alisema walipofika nyuma ya kisiagi, "umeenda kuomba ruhusa, umerudi na mgeni."

Weldon aliona haya, haya ya kweli. Alikuwa ameapa kupiga kelele isiyomwogopa mtu, na sasa kelele hiyo ilikuwa na hotuba ndani yake. Lakini uenyekiti ni mtamu. Aliwaeleza wenzake kwamba ule haukuwa woga, bali ushirikiano wa sekta mbili.

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni, kwa sababu mvua ilinyesha na ukumbi ulikuwa karibu. DO alikaa mbele kabisa, na Inspekta pembeni yake. Kelele ikaanza. Kisiagi kikanguruma, trekta likakataa kuwaka, amplifaya ikakoroma. Mzee mmoja alisimama, akatazama mvua, akailinganisha na bendi, akachagua mvua. Weldon alitikisa kichwa kwa nguvu zake zote, akiwaona watu wakitafuna mahindi ya kuchoma kwa utulivu kamili, na moyo wake ukafa ganzi.

Ndipo Yasin akaiingiza hotuba. Mashine yake ilikuwa imelowa; ikaung'ata utepe, ikarudia kipande kimoja, tena na tena, juu ya mngurumo wa kisiagi: "Tunalishughulikia... tunalishughulikia... tunalishughulikia..."

Vichwa vikainuka. Hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuambiwa neno lile, kwa sauti ileile, ng'ambo ya meza ileile.

"Ni yeye!" mama mmoja alipaza sauti. "Hivyo ndivyo aliniambianga juu ya kitambulisho!"

"Na daraja yetu!" mwingine akaitikia kutoka nyuma. "Lini?"

"Tunalishughulikia," mashine ikajibu.

"Lini?" ukumbi mzima ukauliza.

"Tunalishughulikia."

Mahindi yakawekwa chini. Watu wakaruka, wakakanyaga sakafu kwa mpigo mmoja, swali na jibu, swali na jibu, mpaka vumbi likashuka darini. DO mwanzoni alitabasamu na kupunga mkono, akidhani ni mapenzi. Weldon naye aliumia na kufurahi kwa pamoja. Muziki wake ulikuwa hatimaye umemkatiza mtu kula, na nyota alikuwa Afisa wa Tarafa.

Lile neno "lini" likamfikia DO polepole, kama chai inayopenya kwenye sukari nyingi. Tabasamu likaanguka. Akasimama.

"Inspekta! Kamata huyo anayeimba!"

Kipkemboi akapanda jukwaani, kibali mkononi. "Nani anaimba hapa?"

Weldon aliacha kutikisa kichwa. Angeweza kumsukumia Yasin lawama, au mashine, au mvua. Aliwatazama wenzake, na kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe akaona aibu ya kuwa kiongozi bure.

"Mimi ndiye mwenyekiti, afande, lakini siimbi. Natikisanga kichwa tu. Huyu dada yuko kwa kinanda, huyu yuko kwa mashine. Mwenye kuimba..." Akanyoosha kidole kwenye mstari wa mbele. "Mwenye kuimba ni mkubwa mwenyewe."

Inspekta alisikiliza spika. Akasoma kibali. Akasikiliza tena. Kisha akashuka na kupiga saluti safi.

"Pole sana, mkubwa. Kibali ni ya watu watatu. Sauti yako haimo."

"Mimi ndiye natoa vibali!"

"Ndiyo, mkubwa. Ulijipatia?"

DO alifungua mdomo.

"Tunalishughulikia," spika ikasema.

Kwa heshima ya cheo chake hakufungwa pingu. Aliandikisha maelezo kituoni, akapewa mpaka Jumatatu awe amepata kibali cha kuimba, chenye sahihi na muhuri wa ofisi inayohusika.

Jumatatu asubuhi Bwana Andati alifika ofisini, akamkuta Weldon kwenye benchi. Mji ulikuwa unataka onyesho jingine, na ulimtaka mwimbaji yuleyule. Weldon alikuja kuomba kibali cha watu wanne. DO alimpita bila salamu, akaelekea mlangoni kwake.

"Mkubwa, umekuja kazi ama umekuja kibali?" Nanjala aliuliza.

"Kibali kwanza. Hii maneno ya Inspekta iishe."

"Basi ni benchi, mkubwa. Watu wa vibali hukaanga pale. Ni wewe uliamuru, hata kama ni nani."

Aliamuru kweli. Akakaa. Benchi lilikuwa jembamba na lilimchoma. Akatazama saa, akatazama mlango wa ofisi yake uliofungwa, akatazama saa tena.

"Nanjala, DO atafika saa ngapi?"

Nanjala alisukuma mlango kidogo, akachungulia kiti kitupu. "Bado hajafika. Huyo huchelewanga."

Bwana Andati alipumua kwa uchungu, akasogea karibu na Weldon, akateremsha sauti.

"Kwani huyu DO wenu," akauliza, "ni mtu wa namna gani?"