Mchezaji Bora Aliye Hai

Jumatatu, 3 Machi

Nimekiweka rehani kiti changu. Kwa ulimi wangu mwenyewe!

Siku ilianza kwa amani. Niliwasomea wasokotaji gazeti, kama nifanyavyo tangu ujana wangu: mimi juu ya jukwaa, wao chini wakisokota biri. Kisomo safi. Kila nukta niliipa pumziko lake. Wakagonga visu vyao vya kukatia majani ya tumbaku juu ya vibao, ta-ta-ta, ndiyo makofi ya kiwanda hiki. Kisha ikaja kahawa, na Reinerio wa meza ya mbele akatangaza kwamba mchezaji bora wa besiboli aliye hai ni Basilio Larrinaga, mpigaji. Upuuzi! Aliye bora ni Evelio Quesada, mrushaji wa mkono wa kushoto. Mji mzima wa Pinar del Río unalijua hilo.

Nikamweleza kwa adabu kwamba kupiga mpira kwa gongo hata mjinga hubahatisha, lakini kuurusha ni elimu. Akajibu kwamba mimi sijapata kushika gongo maishani, nimeshika miwani tu. Wakacheka wote. Damu ikanipanda. Nikasema tupige kura Ijumaa, na Larrinaga akishinda, Reinerio akichukue kiti changu cha kusomea.

"Umesikika, mzee! Mama Zoraida, wewe ni shahidi!" akadakia Reinerio.

Zoraida, mwenyekiti wa wasokotaji, akasema amesikia, na kwamba watu wa umri wangu huwa wamekwisha kuacha utoto.

Reinerio anakitamani kiti hicho siku zote. Husoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukaruka juu ya mawe.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Leo nilisoma habari za michezo ya zamani. Ushindi wa Quesada niliusoma polepole, kwa sauti ya kanisani. Mapigo ya Larrinaga niliyasoma mbio mbio huku nikikohoa. Kila alipouvusha mpira nje ya uzio, nilikohoa. Aliuvusha mara nyingi mno, mtu yule. Koo lilianza kuniwasha kwelikweli.

Visu vikaanguka sakafuni, karakana nzima. Hivyo ndivyo wanavyozomea. "Mwalimu, Larrinaga amekukwama kooni!" Zoraida akaniletea dawa ya asali na kitunguu, akasimama mbele yangu hadi nikaimaliza.

Baadaye nilipeleleza meza kwa meza. Wote ni wa Larrinaga isipokuwa wawili. Hata wale niliowafundisha kusoma! Utovu wa shukrani.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Swali letu linasema "aliye hai". Watu hawasikilizi maneno, mimi huyasikiliza. Larrinaga ni mzee kunishinda, anaishi mashambani San Luis, hajaonekana mjini muda mrefu. Leo, nilipolifikia jina lake, nilitanguliza neno moja tu: hayati. Nikashusha sauti. Nikavua miwani. Sikusema kwamba amekufa. Aliyesikia na kuhitimisha, hilo ni lake.

Hakuna kisu kilichogonga wala kilichoanguka. Zoraida akajifuta macho kwa aproni. Reinerio akasimama, kofia kifuani, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mzee aliumwa sana. Nikamwambia gazeti halikufafanua. Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana.

Wafu hawapigiwi kura. Quesada ameshinda!

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yameharibika. Asubuhi nzima hawakusokota chochote. Walikuwa wakimsifu. Kumbe marehemu hupendwa kuliko walio hai. Hilo sikulipigia hesabu. Hata wale wawili wa upande wa Quesada walilia. Kisha Zoraida akaamuru twende San Luis kwa lori la kiwanda kuwafariji wafiwa, nami niandike hotuba ya kumuaga na niisome, kwa kuwa nina sauti. Nikasema koo bado linaniuma. Akauliza kama alete dawa tena. Nikaandika.

Ilitoka vizuri. Mtu hawezi kuandika vibaya kwa makusudi baada ya miaka yote hii. Nilipofika kwenye sentensi ya mikono yake, kalamu ilikimbia yenyewe. Nilimwita mkuu wa wote. Sentensi ilidai hivyo.

Tukafika, Reinerio mbele na shada la maua. Mlango ukafunguliwa na Larrinaga mwenyewe, amevaa fulana, kuku kwapani.

Akasoma utepe wa shada, midomo ikichezacheza. Akauliza ni nani aliyefariki. Reinerio akamjibu kwa heshima zote: "Ni wewe, mzee wangu." Larrinaga akageuka akamtazama mkewe jikoni, kana kwamba huenda alisahau kumwambia.

Wote wakanikodolea macho. Nikasema magazeti ya siku hizi hayaaminiki.

Larrinaga akamweka chini kuku, akalipokea shada, akasema maua yasipotee bure, na hotuba vilevile. Akaketi kwenye kiti chake cha kubembea. Nikamsomea. Akalia. Akataka nirudie pale pa mikono. Nikarudia, akataka tena. Kisha akapenga kamasi, akasema kwamba ukweli usemwe, aliye bora ni Quesada; yeye hakuwahi kuupata vizuri mpira wa shetani yule wa mkono wa kushoto.

Kwa kinywa chake mwenyewe! Uso wa Reinerio ukamshuka. Nilirudi nikiimba juu ya lori. Peke yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Larrinaga ameshinda. Wanasema hotuba yangu iliwaondolea shaka. Wale wawili wa Quesada walinishika mkono na kunishukuru kwa kuwafumbua macho. Nikawakumbusha aliyoyasema Larrinaga mwenyewe. Zoraida akajibu kwamba mtu mkubwa hajisifu, na kwa hiyo ni mkubwa zaidi. Quesada alipata kura moja. Yangu.

Reinerio akapanda jukwaani, amechana nywele. Visu vilianza kuanguka kabla hajamaliza kichwa cha habari, lakini Zoraida akasema ahadi ni ahadi. Mimi nimewekwa kwenye meza aliyoiacha Reinerio, kuondoa mishipa ya majani. "Taratibu, Mwalimu, usiyapasue! Hayo si madaftari ya wanafunzi!" wananikemea jirani zangu wa meza.

Zoraida amenishauri nikae nitafakari nilichokifanya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari. Na kabla sijamaliza, Evelio Quesada mwenyewe akabisha hodi, amefura. Amesikia kwamba Larrinaga alipewa shada, lori zima la watu, na hotuba iliyomliza. Je, yeye amepewa nini? Nikamweleza kwa huzuni kwamba utaratibu ni utaratibu: hotuba za namna ile husomewa wafu peke yao.

Akafikiri. Akauliza ni lazima awe amekufa kwa muda gani.

Nikamwambia Jumatatu na Jumanne zinatosha. Reinerio hataweza kuisoma hotuba ya kumuaga; atakwama kwenye jina. Watanirudisha kitini wenyewe, kwa machozi. Quesada amekubali kulala kimya chumbani mwake, dirisha limefungwa. Ana sharti moja tu: shada lake liwe kubwa kuliko la Larrinaga.