Bariere Ndani ya Betri

Jumatatu, tarehe 3 Juni. Mushaki.

Nimepata betri! Sita! Lithium, za pikipiki ya umeme, occasion ya Goma, zilizokwisha kutumika, kila moja ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisa. Fiston wa Sake alitaka dola. Nikampa tairi ya akiba, naye akaongeza kadi ndogo ya umeme. Bénédicte, bibi yangu, ameuliza tutafanya nini tairi ikitoboka. Nimemujibu kwamba minibisi yetu haiendi popote. Imesimama hapa kando ya soko tangu tukimbie vita ya Ngungu. Hiyo njo nyumba yetu sasa, na nyumba haitoboki. Mama yake, Mama Mukandori, njo alinijibu. Ati nyumba yake ya Ngungu ilikuwa na mulango wa mbao na haikuwa na usukani.

Shukrani haiko.

Ng'ambo ya barabara kuna Sebahire, anachaji simu za watu kwa groupe, jenereta ya petroli. Moshi, kelele, majivuno. Mimi nitachaji kimya kimya. Motor ya gari itawaka kidogo asubuhi, betri zitajaa, siku nzima bure. Sebahire atarudi kulima viazi.

Jumanne, tarehe 4.

Nimezipima moja moja. Betri nzima ya aina hii inasoma volti 3.7, ikijaa kabisa 4.2. Mbili ziko vizuri: 3.8 na 3.7. Tatu ni za kulilia: 1.2, 0.9, 0.8. Ya sita imevimba kama mandazi.

Nimemupigia Fiston na kumwita muizi. Hakukasirika hata kidogo. Ati kaka, hizo hazikukufa, zimelala tu, muntu aliyelala anaamshwa. Basi nimeziamsha. Waya mbili toka betri kubwa ya gari, nikagusa: cheche! Ile ya 1.2 imeruka hadi 3.6. Imeamka! Zingine mbili zilipata joto, zikarudi kulala. Wavivu. Iliyovimba nimeiweka jiwe juu ili ishuke.

Kwa hiyo: nzima mbili, iliyoamka moja. Tatu zikifungwa pamoja zinatosha umeme wa gari. Zile mbaya nimezitia katika mufuko wa plastiki pamoja na jiwe, na zote sita ziko chini ya kitanda cha Mama Mukandori. Bénédicte anasema mufuko unanuka vernis ya kucha. Nimemwambia wanawake wa Goma wanalipia harufu hiyo.

Jumatano, tarehe 5.

Bénédicte ametupa mufuko inje! Betri zangu, jiwe langu, vyote, katika mahindi ya watu. Ati mama yake alikohoa. Sikuenda kuvitafuta. Muntu iko na heshima yake.

Halafu Sebahire akavuka barabara, mikono nyuma kama mukaguzi wa shule. Akachungulia chini ya kitanda. Akauliza kama Papa Elodie anapika mukwe wake ao anamukausha tu. Watu wakacheka. (Elodie ni binti yetu. Iko Walikale kwa bwana yake, na nashukuru hakusikia.) Kisha akaanza masomo. Ati betri mugonjwa usiifunge pamoja na nzima, itazivuta zote. Ati weka fusible, yaani fyuzi, karibu na betri. Ati zikae inje, katika sanduku la chuma, hapana chini ya muntu. Na ile kadi ndogo aliyonipa Fiston, kubwa kama biskuti, njo mulinzi wa betri, isitoke hata siku moja.

Nimeelewa vizuri sana: anaogopa. Muntu asiyeogopa ushindani hatoi mashauri bure.

Bénédicte amesema sanduku la chuma ni wazo nzuri. Nimemuuliza kama ameolewa na Sebahire. Nimefunga kadi, kwa sababu nilikuwa nimeamua mwenyewe kuifunga. Betri zimebaki chini ya kitanda. Inje kuna mvua na wezi.

Alhamisi, tarehe 6.

Taa inawaka! Simu kumi na mbili! Halafu, katikati ya asubuhi, tap. Giza. Kadi imekata.

Nimewasha motor zijae. Kidogo tu, tap. Imekata tena. Nimepima: 12.6. Motor inatoa 14.4, kadi inasimamisha kwa 12.6 na kufunga njia. Sasa ile 1.8 inayobaki inaenda wapi? Nani anaila?

Nimefikiri muda murefu. Halafu nikaelewa, na nikaona haya kuchelewa hivi. Ni bariere! Mimi nimepita barabara ya Sake na Masisi miaka yote na magunia ya maharagi. Najua kamba inayovuka njia. Najua muntu anayekaa pembeni, halimi, hauzi, anakata. Kila muzigo unaopita, anakata fungu lake. Ukimuuliza kazi yake, anakujibu: mimi ni mulinzi.

Na hii kadi inafanya nini? Inakata. Inaitwa nani? Mulinzi!

Wazungu wameweka bariere mpaka ndani ya betri.

Ijumaa, tarehe 7. Siku ya soko.

Nimeondoa bariere. Waya moja kwa moja. Kadi iko katika mufuko wa shati, nimeikamata.

Hesabu: 14.4 gawanya kwa tatu ni 4.8. Wakubwa wa kiwanda wanasema betri ijae 4.2. Mimi najaza 4.8! Faida ya 0.6 kwa kila betri, na hakuna aliyenisaidia.

Simu thelathini na moja. Watu wa Bihambwe walioshuka na jibini wamepita mbele ya Sebahire bila kumutazama. Mama Nyiransengimana, muuza samaki ya chumvi, ameleta simu mbili na ya shemeji yake. Sebahire alikaa kwenye kiti chake, groupe imezima. Nilimupungia mukono.

Na jambo ingine, sikulitegemea: kitanda kina joto! Mama Mukandori tangu Ngungu analalamika miguu, baridi ya hii milima inamuingia katika mifupa. Leo amelala mchana wote, akasema miguu haiumi, ni kama amelala karibu na jiko. Ameniita mwanangu. Miaka ishirini na mbili nimeoa binti yake, ni mara ya kwanza.

Bénédicte ameweka mukono chini ya godoro na kuuondoa mbio. Ameniomba nirudishe kadi. Nimemuuliza kama anataka mama yake apate baridi.

Jumamosi, tarehe 8.

Minibisi imeungua.

Motor ilikuwa inawaka. Mimi nilikuwa mbele, naandika majina kwenye simu za watu. Nikasikia sauti ya mvuke, kama sufuria ya maharagi yenye kifuniko kizito. Halafu harufu ile ya vernis. Halafu moshi mweupe, na si wa kupanda, ni wa kutoka kwa nguvu.

Mama Mukandori alikuwa kitandani. Hakutaka kutoka. Anasikia kwa shida, alifikiri tunamufukuza kwa wivu wa joto. Bénédicte aliingia. Nilimuona akiingia, na mimi nilikuwa na simu mikononi, za watu, sikujua niziweke wapi. Alimutoa mama yake kwa kumuvuta na blanketi. Blanketi lilikuwa linawaka upande alioshika.

Sebahire alivuka na ndoo ya udongo, akarudi, akavuka tena. Maji hayakufanya kitu. Moto ulizima na kuwaka peke yake, mara nyingi, kama muntu anayekumbuka deni.

Imebaki chuma.

Mama Mukandori miguu imeungua kidogo. Bénédicte mikono yote miwili. Wamefungwa bandeji kwenye centre de santé. Muganga ameniuliza kulitokea nini. Nimemwambia umeme.

Jumapili, tarehe 9. Siku ya Mungu.

Hatukuenda misa. Wenye simu walikuja kudai simu zao baada ya misa, wote pamoja, wamevaa nguo nzuri.

Tunalala kwa Sebahire. Chumba cha nyuma, kitanda kimoja, mukeka. Ametutolea bila kucheka. Bibi yake alimulisha Bénédicte uji kwa kijiko. Najua kwa nini anafanya hivyo. Anataka Mushaki yote iseme.

Nimekaa nikatafuta kosa liko wapi. Si 14.4, hesabu ile ni safi. Nimeona: betri ya tatu. Niliiamsha kwa haraka, ikaamka na hasira. Na pazia la dirisha, Bénédicte alikuwa amelifunga, hewa haikupita. Sikumwambia. Muntu mwenye mikono imefungwa humwongezei muzigo.

Jioni nilitembea katika mahindi. Mufuko uko! Betri tatu zangu! Mvua imeziogesha, lakini ziko. Ile ya kuvimba haijashuka. Jiwe lilikuwa dogo.

Ijumaa, tarehe 14.

Chumba cha Sebahire ni baridi. Mama Mukandori analia miguu. Anasema kila asubuhi, bila kujua anachosema, kwamba katika gari angalau kulikuwa na joto.

Nimewaza juu yake, hapana juu yangu. Nimemwambia Bénédicte nitafanya joto kidogo tu kwa mama yake. Alitazama miguu ya mama yake. Halafu akasema ni sawa, kwa sababu mama hajalala usiku hata moja, lakini kwa sharti moja: ile kadi iwepo, na yeye aione kwa macho yake. Ilikuwa bado katika mufuko wa shati yangu, nzima kabisa.

Nimeipigilia ukutani, juu ya mulango, misumari miwili. Waya mwekundu na waya mweusi zinatoka ndani yake, zinashuka vizuri, zinaingia nyuma ya kabati. Zinaishia hapo. Bénédicte alisimama akaitazama, bandeji zake kifuani, akasema asante Papa Elodie.

Betri tatu ziko chini ya kitanda, zimeamka. Zilichelewa, nikaziongezea umeme. Iliyovimba nimeiweka tofali juu. Umeme nachota kwa Sebahire, kwenye betri kubwa anazojaza na groupe, kupitia tundu la ukuta. Hajui bado. Zikiwa zinajaa zinasoma 14.4. Gawanya kwa tatu.

Sasa hivi Bénédicte na mama yake wamepanda kitandani. Mama Mukandori ameniita mwanangu. Anasema miguu inaanza kupata joto.