Kuhusu Utani Uliopo Kati Yangu na Ndege Yenu

Marselino Mapunda,
Fundi Seremala,
Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Shirika la Ndege la Mbayuwayu.

Ndugu Meneja,

YAH: MTANI KUTIMIZA WAJIBU WAKE

Nakusalimu kwa heshima. Salamu zenyewe nimezifupisha, kwa kuwa sijui kwenu salamu ikizidi kipimo inatozwaje.

Mimi ni Mngoni wa Songea, mkazi wa Mtoni. Mwezi uliopita nilifiwa na dada yangu Marietha, aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Simu ya msiba ilinifikia mabasi yote yakiwa yameshaondoka, na maziko yalikuwa kesho yake alasiri. Mke wangu Rosalia akaona tangazo lenu kwenye simu ya jirani: Songea, kwa bei ambayo hata kuku wa kienyeji haipati. Tukanunua. Siku hiyo hiyo nikaingia karakana nikamtengenezea dada msalaba wa mninga. Nilitaka jambo moja tu, usimame kaburini kwake kabla watu hawajatawanyika.

Pale kaunta yenu, uwanja wa ndege wa Kipawa, nilipokelewa na binti yenu. Kitambulisho chake kifuani kilisema Jesca Kihwele, na moyo wangu ukatulia. Hilo ni jina la Wahehe, na Wahehe ni watani wetu Wangoni tangu mababu walipochoka kupigana. Kama wewe Meneja ni mgeni wa mambo haya, nikueleze: mtani ana haki ya kukuzuia mlangoni kwenye msiba wako mwenyewe, akadai umlipe ndipo upite, na kukasirika huruhusiwi. Kwa hiyo binti aliponiambia, uso mkavu kabisa, "Shikamoo baba. Nauli yako ni ya kupanda tu, kukaa kuna bei yake," nilicheka mpaka foleni nzima ikageuka. Nikamwambia, "Andika yote, mtani! Nyie si mmezoea kuvizia wapita njia?" Naye akaandika. Nikatoa hela nikicheka, nikijua tukimaliza mchezo atanirudishia. Hakunirudishia. Ndiyo sababu ya malalamiko haya:

1. Kiti. Niliulizwa kama nataka dirishani, katikati au njiani. Nikajibu niwekwe popote mnapoweka mateka wa Kingoni. Nikawekwa katikati, mstari wa mwisho, kiti kisichoegemea, na nikatozwa kwa kuwa eti nilichagua.

2. Karatasi ya kupandia. Ilitakiwa niwe nayo kwenye simu. Simu yangu ni ya tochi. Nikachapiwa kikaratasi kidogo kuliko risiti ya duka la dawa, nikakilipia. Ndugu Meneja, nami nafanya biashara. Nikimuuzia mtu kitanda simwambii siku ya kuja kuchukua kwamba chaga zina bei yake. Ingawa tangu nirudi safari hiyo, sikufichi, nimeanza kulifikiria.

3. Maji. Huko juu nilikuwa nikilia, sikatai. Mhudumu akaniletea chupa ya maji na kitambaa cha karatasi, akanipa pole nzuri, kisha akaninyooshea mashine ya malipo. Nikajua naye ni Mhehe. Nikamuuliza, akasema ni Mhaya. Kati ya Mhaya na Mngoni hakuna utani ninaoujua mimi, kwa hiyo hilo la maji silisamehe.

4. Msalaba. Hapa nakuomba usome taratibu. Mna kile kifremu chenu cha chuma cha kupimia mizigo. Tuliulaza msalaba, tukaugeuza, tukausimamisha. Mikono ikabaki nje. Kijana mwenzake Jesca akasoma kwenye kompyuta kwamba huo ni mzigo wa umbo lisilo la kawaida, na bei yake inashinda nauli. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama haukunjiki. Nimetengeneza meza za kukunja na viti vya kukunja. Msalaba wa kukunja sijawahi kuombwa na mtu.

Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na rambirambi za majirani, na hizo si zangu. Kicheko kikaniisha. Nikamwambia Jesca, "Mtani, huu ni wa dada yangu. Naomba upite." Akanitazama, akainamia kompyuta yake kwa muda, kisha akaufunga kile kikaratasi cha mizigo na ukapita. Sikudaiwa hata senti. Alasiri ile ulisimama kichwani pa dada, watu wote wakiwapo.

Sasa hoja yangu ni hii. Kampuni isingeupitisha msalaba bure, mtani angeupitisha. Ninyi mmeupitisha. Basi shirika lenu, kuanzia Mkurugenzi hadi matairi, ni mtani wangu. Lakini mtani hachukui tu. Mtani huchimba kaburi, huchota maji, hupika, na huwachekesha wafiwa. Ninyi mlishachukua, na sikumwona rubani hata mmoja makaburini akiwa na sepetu. Kwa hiyo, siku tutakapomaliza matanga, nadai yafuatayo:

5. Wahudumu wote waje kuchota maji, na yawe ya bure.

6. Mkurugenzi avae gauni la marehemu na kumuigiza alivyokuwa akitembea, kama watani wanavyofanya. Alikuwa akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Nitamfundisha.

7. Mtani huchukua kitu kwa mtani bila kuuliza. Nami nitakuja kuchukua kiti kimoja cha ndege, cha dirishani, nikiweke kibarazani kwangu. Msihangaike na fundi, bisibisi ninazo.

Rosalia anawasalimu, majirani wanawasalimu, na huyo Mhaya mnisalimie, ila mwambieni nakumbuka.

Wenu katika utani,
Marselino Mapunda

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Jana nimetoka kanisani nikamkuta Jesca Kihwele amekaa mlangoni kwangu, gauni amelivaa mshono nje, uso umejaa unga, mfuko wa sukari mapajani. Ameulizia Mtoni nzima mpaka akanipata. Akanizuia nisiingie. "Mtani, unaingia na mguu mmoja au yote miwili? Maana wa pili unalipiwa." Majirani wakaangua kicheko. Mimi sikuwa nimecheka tangu maziko. Nilicheka mpaka nikalia, nikalia mpaka kifua kikawa chepesi.

Baadaye, Jesca akiosha vyombo vyetu, Rosalia akambana mpaka akasema. Msalaba ule hamkuupitisha bure. Alisema akatwe yeye kwenye mshahara, nanyi mkamkata.

Kwa hiyo ninyi si watani wangu, na madai yote nayafuta. Kiti chenu bakini nacho. Ningeandika barua upya, ila stempu nimeshailipia. Naomba tu mumrudishie binti yule hela yake, na msimwambie ni mimi niliyemwombea. Mbao za mninga zilizobaki nimemtengenezea kiti. Nitampelekea mwenyewe, na kukaa kutakuwa na bei yake.