Barua Zinazoamka Kabla ya Njia

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Daktari amesema Krismasi nitaiona kwa neema ya Mungu tu. Amenishauri nitengeneze mambo yangu. Mambo gani? Shamba nimeshagawa. Imebaki dhambi moja, nayo imo ndani ya kompyuta ya chama cha wakulima wa kahawa, pale Makutano.

Niiandike hapa kwanza, nizoee. Mwezi wa Agosti niliwawekea Linux, programu ya kuendesha kompyuta. Si kwenye mashine yenyewe, la! Nilitengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta ya kweli. Hewa tupu inayojiona mashine. Meru nzima hakuna mwingine aliyethubutu. (Nadhani.) Ikiwashwa, huduma zake huamka moja moja, kwa namba, ndogo kwanza. Mtandao ni namba kumi. Barua pepe ni namba themanini. Mimi nikaipa barua pepe namba tano. Inaamka kabla ya mtandao, haikuti njia, inakufa. Makusudi kabisa! Umeme ukikatika, stima ikirudi, hakuna barua mpaka Mwalimu Murungi, yaani mimi, aletwe.

Na stima inapotea kila siku. Wanasema maji ya bwawa la umeme la Kiambere yamepungua. Mkristo mzima, ninashukuru ukame.

Jumanne, 9 Novemba

Stima imerudi saa nne. Saa nne na nusu, honi ya pikapu langoni. Koti nilikuwa nimeshavaa. Mithika, dereva wa chama, amenibeba mgongoni kama gunia la buni, akisema kompyuta ya mzee ina aibu kuliko bibi harusi, haitoki mpaka iitwe na mwenyewe. Nimemwambia aangalie anapokanyaga.

Ofisini, Nkirote alikuwa ameweka mto kwenye kiti. Ni karani sasa. Nilimfundisha hesabu kidato cha pili. Nimeandika amri moja. Nimeguna sana, kazi ionekane ngumu. Barua zikaingia. Wakapiga makofi! Nilitaka kuungama hapo hapo. Chai ikaletwa. Ilikuwa na maziwa mengi.

Alhamisi, 11 Novemba

Kifua kibaya. Lydiah, binti yangu, ameapa kwamba kwa baridi hii Mithika akija tena atamfungia lango. Nimemweleza kuwa wanunuzi wa ng'ambo wakikosa majibu, wakulima wataumia. Akauliza kwa nini basi nisimfundishe Nkirote hiyo kazi, nikae kitandani. Swali baya sana. Nimejifanya nimesinzia.

Kesho naungama.

Ijumaa, 12 Novemba

Nimeungama. Afadhali ningekufa Alhamisi.

Ofisini, Nkirote amenisikiliza, mikono mapajani. Halafu akasema taratibu kwamba hiyo namba tano aliiona mwezi wa tisa. Akairudisha themanini. Barua zinaanza zenyewe tangu hapo. Nimeuliza basi huwa wananiita nikafanye nini. Ameangalia chini. Huwa wanaizima huduma ya barua kwanza, ndipo wanamtuma Mithika. Lydiah aliwaambia kwamba siku nisipoitwa hata uji sinywi.

Lydiah! Mwenye kufunga lango!

Wiki tisa sijaitazama ile namba hata mara moja. Niliiamini dhambi yangu.

Mithika, mlangoni, ameongeza kuwa mwenye kuizima ni yeye. Alifundishwa siku moja tu. Eti amri yenyewe ni fupi, mzee, hata wewe ungeiweza. Huyu anayefungua mlango wa pikapu kwa kijiko!

Nkirote akafuta macho, akasema sasa nimetua mzigo, nipumzike, hawatanisumbua tena. Hawatanisumbua tena. Neno hilo limenikaa kifuani kuliko ugonjwa. Nimeomba dakika tano peke yangu niiage mashine. Wametoka wote, kwa heshima, wakafunga mlango.

Jumapili, 14 Novemba

Mchungaji amekuja kunipa meza ya Bwana. Nimemwambia nimeungama, moyo mweupe. Amefurahi. Lydiah amesema uso wangu umekuwa mwepesi. Uji nimekunywa vikombe viwili. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Jumanne, 16 Novemba

Stima imerudi saa nne. Nimekaa sebuleni na koti. Saa nne na nusu, kimya. Saa tano, kimya. Nilianza kuogopa.

Saa sita kasoro, honi!

Mithika amesimama mbele yangu, hana mzaha. Anasema barua zimegoma, na safari hii ni kweli. Nkirote ameangalia namba, ni themanini. Ameianzisha huduma kwa mkono, imekufa. Ile amri yangu moja haisaidii.

Haiwezi kusaidia. Kompyuta ya kufikirika hupata njia kutoka kwa ile ya kweli inayoibeba. Mtandao wake uko salama na namba yake kumi. Ni ule wa mamaye, mashine ya kweli, ndio usioamka. Ijumaa, dakika tano zilinitosha kabisa kuulaza. Wote wanatafuta ndani. Hakuna anayetazama nje.

Lydiah anatafuta kofia yangu, analia kidogo. Mithika ameinama, anangoja nipande mgongoni.

Nkirote atagundua. Msichana ana akili, nilimfundisha mwenyewe. Nampa wiki sita.

Zinanitosha.