Hadubini Juu ya Upepo

Jumatatu, 6 Mei
Mashine ya kusaga ya jirani itaniua! Ikinguruma, meza yangu ya maabara inatetemeka, na kwenye hadubini chembe za damu zinacheza ngoma. Leo nimehesabu vimelea mara tatu, majibu matatu. Daktari mkuu kasema kama hadi Ijumaa picha haijatulia, hadubini inahamia chumba cha nyuma kwa shemeji, mpimaji mwenzangu, nami nahamia mlangoni kupokea kadi za wagonjwa. Shemeji akatabasamu. Kaka wa mke wangu, huyo!

Jumanne, 7 Mei
Wazo! Springi nne za godoro chini ya hadubini. Lahaula! Hadubini nyepesi, springi zikairusharusha kama mtoto anayebembelezwa. Shemeji kauliza kama naifundisha kuogelea.

Jumatano, 8 Mei
Nimeongeza uzito. Kipande cha zege, nimekibeba mwenyewe. Mimi na kiuno changu hatusemeshani. Chini yake tyubu ya pikipiki. Nimeazima pampu kwa fundi baiskeli, nikaijaza hadi ikawa ngumu kama gogo. Chembe bado zinacheza! Jioni mke wangu kanikanda kiuno, akasema nipunguze upepo: tyubu laini inameza mtikisiko, ngumu inaupandisha wote juu. Akaongeza kwamba hata mimi nikipunguzwa kidogo, nyumba itatulia. Nimemwomba aniachie mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 10 Mei
Hujuma! Asubuhi nimekuta tyubu imelegea, kifuniko cha vali kiko sakafuni, shemeji anapiga mluzi. Pampu nilishairudisha. Daktari mkuu huyo, kaingia! Mashine ikaanza kunguruma. Akainama kuchungulia, mimi nikafumba macho. Akasema chembe zimetulia tuli, hongera, hadubini haiendi popote. Shemeji macho yakamtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango. Nilitaka kulia kwa furaha. Adui kanitolea upepo, na bado nimeshinda!

Jumapili, 12 Mei
Kesho daktari mkuu analeta wageni waione meza yangu. Nimewaza: ikiwa tyubu iliyonywea imefanya maajabu vile, je, ikijaa? Nimenunua pampu yangu mwenyewe, nikaenda kazini siku ya mapumziko, nikaipiga upepo mpaka ikalia. Ngumu! Hata ukucha hauingii. Nimemsimulia mke wangu. Kaniuliza kama pale mlangoni pa kupokelea kadi pana kiti, au nitakuwa nasimama. Sijui kaitoa wapi habari hiyo.