Uzinduzi wa Reli Kuu ya Chumba cha Aurore

(Hotuba ya Bwana Bethuel, Mwenyekiti wa Umoja wa Wapenda Reli Ndogo za Nyumbani, iliyotolewa Jumamosi mchana katika ukumbi wa wapangaji, mtaa wa Rissne, ughaibuni, unaopakana na chumba cha kufulia.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Katibu Mkuu, nafasi ambayo naikaimu. Mlezi wetu, Mzee Anastase, dereva mstaafu wa treni za kule Kalemie. Mama Kahindo, mjumbe wetu wa mtaa wa Hagsätra. Majirani mliofika kwa mwaliko, nanyi mnaosubiri nguo zenu zikauke. Mke wangu mpenzi Gaudiosa, muuguzi, aliyetoka kazini hospitali ya Flemingsberg asubuhi hii na badala ya kulala amekuja kunitazama hivyo anavyonitazama. Binti yangu Aurore. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya watu watatu.)

Ndugu wadau, miezi kumi na minne iliyopita, katika ukumbi huu huu, nilisimama nikatamka kwamba ufinyu wa nyumba si kikwazo bali ni fursa, na kwamba mimi binafsi, bila kusukumwa na mtu, ningetekeleza mradi wa kimkakati wa reli ndogo ndani ya nyumba yangu ya vyumba viwili na sebule, kwa kipimo cha moja kwa mia na sitini, ambapo behewa zima linakaa kiganjani, ili kuidhihirishia dunia, kuanzia mji wetu huu wa Sundbyberg, kwamba mtu wa kawaida anaweza kuwa na milima, mahandaki na stesheni nne bila kuhama. (Mzee Anastase: “Nne?”) Nne, Mzee, na ya tano iko kwenye mchakato.

Upembuzi yakinifu, ambao niliufanya mwenyewe nikiwa nimelala chali, ulibaini kwamba eneo pekee lenye sifa stahiki ni chumba cha Aurore, mita za mraba saba, na kwa hiyo mwananchi mmoja mwenye umri wa miaka kumi na saba alihamishwa kupisha mradi, akapewa makazi mbadala kwenye sofa la sebuleni, kwa maridhiano. (Aurore: “Pappa, det var mitt rum!”) Mnamsikia? Anasema kilikuwa chumba chake. Kilikuwa! Wakati uliopita. Binti yangu anaielewa sera. (Vicheko.)

Tangu siku hiyo, utekelezaji umekwenda kwa kasi ambayo hata mimi iliniogopesha. Kila jioni niliingia, nikafunga mlango, na kaya nzima ilisikia treni ikinguruma na kupiga honi. Mke wangu alipogonga nilimjibu kwa uwazi na uwajibikaji: “Usiingie, gundi haijakauka.” (Gaudiosa: “Miezi kumi na minne!”) Ni gundi ya kisasa, Mama Aurore. Hadi robo ya mwisho ya mwaka tulikuwa tumefikia asilimia themanini na saba nukta nne ya maandalizi ya kuelekea kuanza.

Lakini kiongozi bora hujifunza. Mwezi uliopita nilifanya ziara ya mafunzo Hagsätra, kwa Mama Kahindo, ambaye ana chumba kimoja na watoto wawili, na ambaye alifunga ubao wa rafu koridoni, juu ya viatu, upana wa mkono, urefu wa mlango uliolazwa. Hakuna mlima. Hakuna handaki. Kuna njia mbili, swichi moja ya kubadili njia na mabehewa matatu, na kazi yote ni kuyapanga upya bila kugonga ukuta. Nilimwambia kwa upole kwamba hapo hapana vizheni. Akanijibu, namnukuu: “Président, ile yangu iko kadogo, lakini inatembea.” (Makofi marefu.) Naomba makofi hayo yasubiri aya inayonihusu.

Mzee Anastase alikuwepo. Alikaa kwenye kigoda cha kuvalia viatu, akashika kidhibiti cha treni kwa vidole viwili, akayaondoa mabehewa, akayasimamisha, akayarudisha, saa nzima. Tulipomletea chai hakuiona. Baadaye akafuta macho akasema koridoni kuna vumbi. Kisha akanipa kidhibiti mimi, Mwenyekiti, nami nikaiangusha treni yote ndani ya buti la mtoto. (Kicheko kikubwa.) Ilikuwa ni zoezi la uokoaji.

Kwa masikitiko, Jumanne iliyopita mradi ulifanyiwa ukaguzi wa kushtukiza. Mke wangu alitafuta pasi, akafungua mlango, na kumekuwepo na upotoshaji kuhusu alichokikuta. Ndiyo, alikuta kiti cha kuegemea. Je, stesheni haina kiti cha kusubiria? Alikuta televisheni ikionyesha mpira. Je, abiria atazame ukuta? Alikuta spika ndogo ikitoa mlio wa treni. Huo ni mfumo wa mawasiliano. (Gaudiosa anasimama: “Na treni iko wapi, Baba Aurore? Mimi natoka zamu, mtoto kalala sebuleni, natembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yangu mwenyewe nisimwamshe. Treni iko wapi?”) Swali zuri. Tunalichukua.

(Msemaji anakunywa maji.)

Niseme hivi. Nyumba ile, ukisimama jikoni unampisha mtu, ukikaa sebuleni unampisha mtu, ukiingia bafuni mtu anagonga. Nilitaka mahali ambapo sipishi mtu. Hilo limo kwenye viambatisho vya ripoti.

Naendelea. Tangu Jumatano Aurore amerejea chumbani, na mimi nimepokea makazi kwenye sofa. Juzi, bila kibali cha ofisi yangu, yeye na Mama Kahindo wamefunga ubao wenye bawaba juu ya kitanda. Mchana unashushwa, treni yao inazunguka. Usiku unapandishwa ukutani, mtoto analala. Gaudiosa naye, badala ya kulala, jana aliipeleka treni mizunguko kumi na minane, nami niliihesabu kupitia mlango uliokuwa wazi. Ofisi yangu inautambua ubao huo kama awamu ya pili. (Aurore, akitikisa kichwa: “Nej!”) Inautambua kwa mbali.

(Mzee Anastase anavaa koti: “Président, maliza. Tunataka kwenda kuona treni.” Watu wanainuka.)

Namalizia, waheshimiwa, kaeni! Reli ndogo! (Sauti mlangoni: “Hoyee!”) Nafasi finyu! (“Hoyee!”) Mwenyekiti! (Viti vinasogezwa.)

Namshukuru fundi seremala, ambaye sikumwita. Nalishukuru duka la treni, ambalo sijawahi kuingia. Namshukuru binti yangu kwa mita saba za mraba, na mke wangu kwa kugonga kila jioni na kuniamini, kwa sababu Reli Kuu haikuwahi kuwa na hata pingili moja ya njia. Palikuwa na mlango uliofungwa, na nyuma yake mimi, nimenyoosha miguu. Nimemaliza. Mama Aurore, nipishe mlangoni niende na mimi, treni hiyo yenu sijawahi kuiendesha.