Mgeni Hatoki Mpaka Aridhike

Tunayo heshima ya kuutangazia umma kwamba katika msimu wa kambi wa mwaka 2014, Kambi ya Umma ya jangwani, huko nyuma ya Al Wukair, iliridhisha wageni kwa asilimia mia moja. Si tisini na tisa. Mia. Naitwa Gerishon, Afisa Msaidizi wa Furaha ya Wageni, na ufunguo wa kizuizi cha lango nilikuwa nao mimi.

Wapo wanaouliza tuliwezaje. Bwana Joram, mudir wetu, yaani meneja, Mkenya mwenzetu anayekaa ofisini Doha chini ya viyoyozi viwili, aliandika Kanuni ya 14: mgeni hatoki kambini mpaka aridhike, na mlinzi wa lango athibitishe kwa mhuri kwamba uso wake umeridhika. Watu wa nje walishangaa. Sisi wala! Sisi wenyewe hatutoki nchi hii bila kibali cha mwajiri, na mbona tuna raha?

Kila mgeni alipewa hema, mkeka na orodha ya makatazo. Moto, hapana. Muziki, hapana. Ukitaka kugeuza hema kwa sababu ya upepo, andika barua. Familia moja kutoka Al Wakrah ilikuja kulala usiku mmoja ikakaa siku nne, maana baba yao alizaliwa amenuna. Kwenye fomu aliandika, "Sijawahi kuona kambi kama hii." Tulimhesabu miongoni mwa walioridhika.

Mlinzi wa lango alikuwa Mumbua. Mchapakazi kweli, ila alikuwa na tatizo moja: alitaka kwenda kuolewa. Harusi ilikuwa Jumamosi, kwao katika mji wa Wote, Kenya, tena ilikwisha ahirishwa mara mbili kwa kukosa saini ya Bwana Joram. Tiketi ya ndege ilikuwa ya Ijumaa saa tisa alasiri. Sanduku lake lilikaa kibandani langoni wiki nzima, limefungwa.

"Mudir, wakwe wamesema safari hii basi," alilia kwenye simu. "Nikikosa tena, Kioko anaoa mwingine."

"Jaza fomu, bandika picha, subiri."

"Nimejaza tatu."

"Basi una uzoefu."

Kusema kweli, roho iliniuma. Lakini afisa haumwi roho akiwa kazini.

Alhamisi Bwana Joram akaja mwenyewe kulala kambini. Kesho yake saa sita mchana alikuwa apokee tuzo ya kambi bora katika hoteli moja mjini, na waandalizi walitaka picha yake akifurahia hema. Upepo nao haukusoma ratiba. Asubuhi tulimkuta amejiviringisha ndani ya hema lililoanguka, mchanga masikioni, anakula maharagwe ya mkebe yakiwa baridi, kwani moto aliukataza mwenyewe. Akarukia gari, akaendesha mpaka langoni.

"Fungua!"

Mumbua akatoa fomu. "Umeridhika, mudir?"

"Nimeridhika!"

Akamkagua. "Mdomo umeridhika. Uso bado."

"Wee! Unajua unaongea na nani?"

"Na mgeni. Hema namba tisa."

"Gerishon! Fungua hii kitu!"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikamsomea Kanuni ya 14, pamoja na saini yake. "Mkubwa, kanuni hubadilishwa ofisini tu," nikamweleza kwa upole. Ofisi ilikuwa upande wa pili wa kizuizi.

Ilikuwa saa nne na nusu. Bwana Joram akajaribu kutabasamu. Jamani, afadhali alivyokuwa amenuna.

"Mumbua, dadangu," akasema kwa sauti ya kanisani, "unataka nini?"

"Kibali."

Akasaini juu ya boneti. Likizo na kibali cha kutoka nchini, vyote kuanzia siku hiyo. Mumbua akavisoma mara mbili, akavikunja, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akavua kofia ya kazi, akaiweka pale kwenye boneti.

"Haya, gonga mhuri," akasema Bwana Joram.

"Siwezi, mudir. Niko likizo. Umeandika kuanzia leo."

Akabeba sanduku, akainama, akapita chini ya kizuizi. Nje, lori la maji lilikuwa linageuza kurudi mjini, na nafasi kando ya dereva ilikuwa moja tu.

"Sasa nani atagonga?" Bwana Joram akaniuliza.

"Benard. Anaingia zamu saa kumi na mbili jioni. Ni makini sana na nyuso."

Benard alikuja, akamtazama kwa tochi, akatikisa kichwa.

Jumapili Mumbua akanitumia picha ya harusi. Nikaipeleka hema namba tisa. Bwana Joram aliitazama, halafu akaniuliza kwa unyenyekevu kama kuna njia yoyote, yoyote ile, ya yeye kutoka.

Nikamwambia ajaze fomu, abandike picha, asubiri.